Fifi Mbele ya Komisyo

Wenzangu, leo sina pa kuuweka uso.

Nawaandikia ninyi mliobaki nyumbani Mitwaba kwa sababu mko mbali. Hapa Kamalondo, mtaa wetu wa watu weusi, kila mtu ameshajua, hata fundi viatu wa pale kona, ambaye kwa kawaida habari humfikia ikiwa imechoka. Afadhali mpate kisa hiki kwangu kabla wasafiri hawajakifikisha, maana wao wataongeza chumvi. (Hakihitaji chumvi. Mtaona.)

Mnajua nimeomba ile karte ya watu waliostaarabika. Mtu akiwa nayo, polisi hamsimamishi usiku kumwuliza anatoka kwa nani na anaenda kwa nani. Najua mnasema naitaka kwa majivuno, na kidogo ni kweli, mimi na tai yangu mnatufahamu. Lakini mwaka jana binti yangu Albertine alishikwa na homa kali. Nikatoka mbio kumtafuta muuguzi, nikazuiwa barabarani kwa sababu sikuwa na kibali cha kutembea saa zile. Nilikalishwa chini mpaka kukakucha. Mtoto alipona, lakini alipona bila mimi. Tangu siku hiyo naitaka karte hiyo kweli kweli.

Ili uipate, lazima komisyo ije nyumbani kwako. Ni wazungu wa serikali. Wanaangalia unalala wapi, unakula vipi, mke wako anakaa mezani pamoja nawe au anakaa jikoni. Wanafungua hata kabati. Mwenzangu wa biro, ofisini kwetu, ambaye ameshapewa yake, aliniambia kwamba kwake walisifu sana maua ya dirishani. Nikawaza: ikiwa maua yamefaa kiasi hicho, mbwa je? Nyumba zote za wazungu nilizowahi kuingia kupeleka barua za biro zina mbwa. Tena ndani, juu ya kiti, wala si uani.

Bahati ikanijia (wakati ule niliiita bahati). Mkubwa wangu wa biro, Monsieur mmoja mrefu mwenye subira, alikuwa anarudi Ulaya moja kwa moja. Alikuwa na mbwa wawili na hakuweza kusafiri nao. Akaniita nyumbani kwake, akaniambia nichague mmoja.

Wa kwanza ni Sultani. Mbwa wa aina ya wale wa polisi, masikio wima, kifua kipana, akikutazama unaanza kukumbuka dhambi zako. Wa pili ni Fifi, wa aina wanayoiita pékinois. Huyo ana pua iliyobonyea, macho makubwa, na manyoya marefu mpaka chini. Ukimwona akiwa amelala huwezi kujua kichwa kiko upande gani mpaka akukoromee.

Monsieur, Mungu ambariki, hakunidanganya. Alisema mbwa hachaguliwi kwa macho, anachaguliwa kwa kutazama siku zako zinavyokwenda. Sultani anataka kukimbia kila siku, anataka kazi, uwanja, nyama ya kutosha na mtu wa kumwamuru kwa sauti moja. Fifi hawezi kukimbia, jua humkata pumzi, manyoya yanataka kitana kila siku, naye anataka kivuli, mto laini, na watu wasiomwacha peke yake. Kisha akaniuliza, "Sasa wewe, Évariste, siku yako ikoje?"

Hapo ndipo nilipopotea.

Siku yangu mnaijua. Asubuhi napanda baisikeli mpaka mjini, jioni narudi. Mke wangu anashinda uani akiuza makala, haya makaa ya kupikia, na kila wiki kuna mtu anayepunguza rundo lake bila kusalimia. Hata kipofu angesema: hiyo ni siku ya Sultani. Angekimbia kando ya baisikeli na angelinda makala. Kasoro yake ilikuwa moja tu, kwamba tangu utoto alifundishwa kubwekea ngozi nyeusi, na suruali za mpishi wa Monsieur zilikuwa ushahidi. Monsieur akasema hilo litaisha mwezi mmoja, kwa sababu mbwa hufuata mkono unaomlisha.

Lakini mimi, jamani, katika barua ya maombi nilikuwa nimeshawaeleza komisyo siku isiyo yangu kabisa. Niliwaeleza kwamba baada ya chakula tunapumzika katika salon, yaani sebuleni, mimi nasoma, mke wangu anatarizi vitambaa, mtoto anasikiliza gramafoni. (Gramafoni ninayo. Sindano yake ndiyo sina.) Siku hiyo niliyowaeleza ilikuwa ya Fifi kabisa. Kwa hiyo nikamchagulia mbwa maisha ya mtu mwingine, mtu mwenye jina langu.

Mke wangu nilikuwa nimemwomba ushauri kabla. Alinisikiliza mpaka mwisho huku anapepea mbabula, jiko letu la makaa, mpaka likashika.

"Ile kubwa itakula bantu," akasema. "Ile kadogo itakula nyama yetu. Omba baisikeli ya pili, Baba Albertine. Baisikeli haikulake kitu."

Sikumsikiliza. Nikarudi na Fifi ndani ya kikapu.

Siku za kwanza Fifi alilia. Hakugusa chakula. Nilimwekea mto juu ya kiti cha salon, nikamchana, nikamsemesha Kifaransa safi, akanipa mgongo. Kisha njaa ikamshinda, akamfuata mke wangu uani. Mke wangu, yule aliyesema hamtaki, akamfinyangia tonge la bukari, ugali wetu, na kichwa cha ndakala, wale dagaa wakavu. Fifi akala, akalamba mkono, akaomba tena. Tangu hapo salon ilikuwa yangu peke yangu. Mbwa alishinda uani, akilala juu ya gunia la makala, na yale manyoya ya rangi ya asali yakawa ya rangi ya gunia. Mimi nilikuwa biro kutwa nzima. Nilijiambia kwamba siku ya komisyo nitamwogesha, basi, ustaarabu utarudi na maji.

Siku ya komisyo ilikuwa leo.

Tangu alfajiri tulikuwa wachezaji wa tamthilia. Mbabula ilihamishiwa kwa jirani. Sufuria zote zenye masizi zilimfuata. Mkeka wetu mkubwa, ambao kila siku tunautandika uani na kula juu yake kwa mkono kama watu wazima wenye akili, niliukunja nikausukuma chini ya kitanda. Mezani nikaweka kitambaa cheupe, sahani, visu na uma. Mke wangu alivaa viatu vinavyombana. Albertine alipewa amri moja, asiseme kitu. Fifi alikuwa ameogeshwa mara mbili, ana utepe mwekundu kichwani, amekaa juu ya mto wake. Alipendeza kweli. Nilimwangalia nikajisikia kama tayari nina karte mfukoni.

Walifika karibu na adhuhuri, kama nilivyoomba, ili watukute tukianza kula. Walikuwa bwana mmoja mnene mwenye miwani, na Madame anayejua Kiswahili cha kuwaamrisha wapishi. Walitazama madirisha. Walitazama choo. Bwana akapitisha kidole juu ya kabati, akakitazama kidole, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Kisha akamwona Fifi.

Akacheka kwa furaha! Akamwambia Madame kwamba mama yake mzazi anafuga wa aina hiyo hiyo. Nikamkonyeza mke wangu. (Nilikonyeza, wenzangu. Kumbukeni hilo mkitaka kunihurumia.)

Bwana akamwinamia Fifi na kumwambia kwa Kifaransa akae vizuri. Fifi alikuwa amesimama, akabaki amesimama. Akamwambia tena, taratibu, kama mtu anayezungumza na mgonjwa. Fifi akapiga miayo. Nikaingilia kati kwa Kifaransa changu cha biro, kile cha kufungulia barua za heshima. Hakuna kitu. Mke wangu, ambaye hapendi kuona mgeni akiaibika, akanong'ona kutoka upande wa meza.

"Fifi, ikala."

Fifi akaketi mara moja.

Bwana akaninyanyulia macho juu ya miwani. Nikasema ni mbwa mwenye lugha mbili. Hakuna aliyecheka. Nikawakaribisha mezani haraka haraka, nikamvutia mke wangu kiti kama nilivyoona Monsieur akimvutia mkewe. Yeye hakutegemea, akakaribia kukaa hewani. Lakini alikaa. Albertine alikaa. Nyama ilikuwa mezani tayari, na viazi. Wageni walisimama kando kututazama tukishika uma. Nilikata kipande, nikakifikisha mdomoni bila kukiangusha, nikaanza kupumua.

Fifi alikuwa amesikia sahani. Sasa, yule mbwa anajua jambo moja tu kuhusu chakula cha nyumba hii: hakianzi mpaka mkeka utandikwe. Akashuka kwenye kiti, akaenda chumbani. Tukasikia vishindo vidogo na mkoromo. Nikaongeza sauti, nikaanza kumweleza bwana habari za kitabu ninachosoma. Akatoka kinyumenyume, ameuma pembe ya mkeka, anavuta kwa nguvu zote za mwili wake usio na nguvu. Akauvuta mpaka katikati ya salon. Mkeka ukakunjuka wenyewe, ukafika miguuni pa komisyo. Fifi akakaa mahali pake, ubavuni pa mahali pa mke wangu, akamtazama, akangoja tonge.

Madame akauliza hicho ni nini. Ulimi wangu ulitangulia.

"Ni mkeka wa mbwa, Madame," nikasema.

Jibu zuri! Madame alilipokea. Bwana alilipokea. Ningenyamaza hapo, sasa hivi ningekuwa nawaandikia barua nyingine. Lakini bwana akapiga hatua ili amkaribie Fifi, na kiatu chake, kiatu kilichotoka chooni kwangu, kikakanyaga mkeka. Wenzangu, mimi nimelelewa na mama. Tangu nijifunze kutembea nimepigwa makofi kwa ajili ya jambo hilo. Kabla sijafikiri nilikuwa nimesimama, uma mkononi, sauti ikatoka ile ya mama yangu mwenyewe.

"Viatu, Bwana!"

Nilimpigia kelele mzungu wa serikali. Naye, kwa mshtuko, akarudi nyuma akatazama viatu vyake.  Kisha akauliza, bila hasira, na hilo ndilo lililoniua:

"Kama mkeka ni wa mbwa, kwa nini nivue viatu?"

Niliushusha uma, nikaushika tena.  Bwana akamgeukia mke wangu, na Madame akamtafsiria swali. Mke wangu alinitazama kwanza. Nilimwona akinionea huruma, na huruma hiyo iliniumiza kuliko swali. Kisha akavua vile viatu vilivyokuwa vinambana.

"Apana ya imbwa, Madame," akasema. "Iko mukeka yetu. Njo pale tunakuliaka kila siku."

"Na imbwa iko nakula nini?" Madame akauliza.

"Bukari na ndakala. Na majani ya sombe, kama iko. Inapenda sana."

Alilisema kwa fahari, kwa sababu Fifi amenenepa na macho yake yanang'aa, na kazi hiyo ni yake. Lakini Madame alimwinua mbwa kama anayetoa mtoto kwenye moto. Akapapasa manyoya, akatazama kiganja chake kimekuwa cheusi kwa vumbi la makala ambalo maji yangu ya alfajiri hayakulifikia. Akasema kwamba mnyama wa aina hii hakuumbiwa maisha haya. Akasema yeye anamjua daktari wa wanyama mjini. Akauliza kama nitaruhusu amchukue. Nikaruhusu. Ningemkatalia kwa lipi?

Kuhusu karte, bwana alikuwa mpole. Alisema nyumba ni safi na mke wangu ni mama mwema, lakini maisha yetu bado. Neno lake lilikuwa hilo, bado. Nijaribu tena mwakani. Akanipa mkono, na kabla ya kutoka akauzunguka mkeka kwa uangalifu, asiukanyage tena.

Mke wangu aliwafuata mpaka kwenye gari. Fifi alikuwa ameshawekwa kwenye kiti cha nyuma, karibu na kioo, anatazama mbele. Mke wangu alimwita kwa jina mara moja tu. Gari likaondoka. Akarudi ndani, akakaa juu ya mkeka, akalia. Yule ambaye hakumtaka ndiye aliyelia. Mimi nilikuwa bado nimeshika uma.

Sina hasira na mbwa. Nina hasira na yule mtu wa salon niliyemtengeneza, maana nilipomhitaji hakutokea. Na naogopa. Albertine amekohoa kidogo jioni hii, huenda ni vumbi tu, lakini nimemwekea mkono kwenye paji mara nyingi kuliko inavyohitajika. Homa ikirudi usiku, mimi nitakalishwa tena chini barabarani. Fifi yuko mjini kwa wazungu, amevuka mpaka wa mtaa wetu kwa gari, na hakuna aliyemwuliza anatoka kwa nani.

Basi ninyi wa Mitwaba, nawaomba msicheke. Kamalondo nzima imeshanicheka kwa niaba yenu.