Meza ya Mbali Ndiyo Yenye Faida

Iringa, Jumatatu, 19 Novemba 1956

Leo nimeapa kutocheza tena poka barazani kwa Liberatus, fundi cherehani. Ni hatua ishirini kutoka mlangoni kwangu, na Jumamosi tatu mfululizo nimeshinda. Hapo ndipo niliposhtuka. Kwa nini waniache nishinde? Wananinenepesha! Tena dau lenyewe senti kumi. Mtu aliyejifunza poka vitani Burma, akiosha masufuria ya masajini, hachezei senti kumi eti kwa sababu ni karibu. Mbeya kuna wachimba dhahabu wa Chunya, mifuko imewavimba.

Nimechukua shilingi themanini za mabati. Mke wangu Verediana amelima pareto misimu miwili apate paa kabla ya mvua. Zitarudi maradufu. Sijamwambia. Ana kaka wengi.

Mbeya, Jumatano 21

Siku nzima juu ya lori. Vumbi hadi kwenye meno. Nimepanga chumba Ilomba kwa mama mmoja, Tupokigwe. Ananikaribisha mno. Fedha nimezificha ndani ya soksi, na soksi sivui.

Alhamisi 22

Meza iko nyuma ya hoteli ya chai. Wachezaji ni Isakwisa na Asukile, wachimbaji wote wawili, na Anyitike, dereva wa lori. Wanaongea Kinyakyusa. Mimi Mhehe silijui hata neno moja, lakini masikio ninayo! Kila Isakwisa akipewa karata husema “ndaga”. Asukile naye, “ndaga”. Ishara! Maana yake wana karata nzuri. Basi nikisikia tu, natupa zangu. Shilingi ishirini zimekwenda, lakini siri yao ninayo.

Ijumaa 23

Ree tatu! Tatu! Nikaweka shilingi thelathini bila kupepesa. Isakwisa akapokea karata yake ya mwisho, akasema “ndaga fijo”. Fijo! Hiyo lazima ni kubwa zaidi. Nikatupa ree zangu. Kumbe alikuwa na nne mbili tu. Wakacheka hadi chai ikamwagika. Sasa nimeelewa: wamegundua kwamba nimegundua.

Jumamosi 24

Nimemlipa Tupokigwe kodi ya chumba. Akasema nini? “Ndaga”! Naye yumo! Nikambana. Akaapa kwamba kwao Tukuyu ni asante tu, hata mtoto mchanga anaijua. Nikamuuliza mbona jana nilipojigonga kichwa mlangoni alisema hivyohivyo. Akajibu kwamba hiyo ilikuwa pole. Asante na pole neno moja! Njia ya mwongo ni fupi.

Anyitike anapeleka mzigo Iringa. Nimempa salamu za nyumbani, kwamba kazi inaendelea vizuri.

Jumatatu 26

Anyitike amerudi. Mvua imeanza Iringa. Nyasi za paa zimeoza, maji yanadondokea kitandani, watoto wamehamia kwa Liberatus. Verediana amekuta kopo la fedha tupu. Hakutukana. Ameuliza tu mabati yanafika lini. Nimeumia, sikatai. Uji umenishinda.

Halafu Liberatus! Anawalisha wanangu kwa faida gani?

Zimebaki shilingi kumi na mbili. Anyitike amesema nirudi naye kesho, bure. Bure! Nani hutoa kitu bure? Hapana. Kosa langu ni moja tu, nilikuja karibu mno. Mbeya pameharibika, genge limeingia hadi kwa wenye nyumba. Tukuyu wakulima wa kahawa wamelipwa wiki iliyopita, na ni mbali, genge hili halijafika huko.

Nimemwomba Anyitike amwambie Verediana asogeze kitanda.