Vita vya Miwani na Uso Uliotoweka

Tulieni, enyi watu wa mabweni yote, mlioshiba na mlionyimwa, wekeni vijiko chini! Nawasimulia vita alivyopigana Miwani, simba wa kibodi, mwana wa fundi cherehani, mwenye vioo vinene kama vitako vya chupa.

Saa nne kamili Mwalimu Mkuu angekuja kuikagua programu ya maktaba ambayo Miwani aliiandika kwa Python, lugha ya kuiamuru kompyuta. Ikishindwa, chumba cha kompyuta kingegeuzwa stoo ya viti vibovu. Na saa tatu na nusu ilikuwa imekwisha kulia.

Kwenye programu palikuwa na kitufe cha "Karibu". Ukikibonyeza, sharti picha ya Mwalimu Mkuu itokee ikitabasamu. Miwani akabonyeza. Likatokea pengo la kijivu, tupu kama sahani ya aliyechelewa. Akabonyeza mara saba. Pengo! Wala kompyuta haikulalamika hata neno moja.

"Ewe uso mtukufu!" akanguruma. "Nimekuita, nimekupa njia, na faili lako lipo! Umekimbilia wapi?"

"Labda uso huo umeiona sura yako ukatoroka," nikasema mimi, mwandishi wa habari hizi na msaidizi wake mwaminifu.

"Funga bakuli lako, wewe!"

Ndipo akaingia Matroni, tufani ya mabweni, ufagio mkononi. Sheria yake haina rufaa: kisichoshikwa na mwenyewe ni taka. Chini ya meza palikuwa na soksi moja.

"Ya nani hii?"

Ilikuwa yangu. Lakini kwa harufu ile, nani angekiri? Ikafagiliwa.

Miwani akaruka kama aliyekalia siafu. "Mama, umeniokoa!"

"Nimekuokoa na soksi?"

"Na ujinga! Picha inazaliwa kitufe kikibonyezwa. Kazi ya kitufe ikiisha, hakuna anayeishika, basi Python anapita na ufagio!"

"Huyo Python kalelewa vizuri," akasema Matroni.

Shujaa akaongeza mstari mmoja tu, akaikabidhi picha kwa dirisha la programu, liishike maadamu liko wazi.

Saa nne Mwalimu Mkuu akabonyeza. Uso ukatokea, ukatulia.

"Mbona nimenenepa?" akauliza. Kisha: "Viti vitafutiwe kwingine."

Basi na ijulikane kwa vizazi vyote vya kidato cha kwanza kwamba siku ile mstari mmoja uliushinda ufagio. Soksi yangu, maskini, haikuwa na dirisha la kuishika.