Gesi Yangu ya Kilomita Mia Tisa

Jumatatu, 3 Machi
Nimeipata! Nyota yangu changa, iliyojifunika vumbi kama mgonjwa wa homa ndani ya blanketi, imetoa mwinuko mkali kwenye grafu ya infraredi, ule mwanga usioonekana kwa macho. Gesi inafyatuka kutoka kwenye kisahani cha vumbi na gesi kinachoizunguka, kilomita mia tisa kwa sekunde. Mia tisa! Nimehesabu mara mbili. Mara moja, kusema kweli. Ijumaa, akishatusikiliza, Profesa atachagua mmoja wetu wanafunzi wake aende kwenye darubini kubwa. Mpinzani wangu ni Bi Taratibu, yule wa meza ya pili anayepanga penseli zake kwa urefu. Hatajua kitu.

Jumanne, 4 Machi
Faili nimeliita "Nguo za Kufua". Bi Taratibu akapita, akauliza kama nimeondoa mng'ao wa hewa, maana hewa tunayoivuta nayo hung'aa kwenye infraredi na kuchafua vipimo. Eti nilinganishe na picha za anga tupu. Eti angenisaidia. Ujanja huo! Nikamjibu kwamba nina shughuli.

Jumatano, 5 Machi
Hakukaliki. Chai vikombe sita. Nimempigia mama simu, nikamsihi asimwambie mtu. Akaapa.

Alhamisi, 6 Machi
Shangazi kapiga simu kunipongeza kwa kugundua jua jipya. Mjomba anauliza litaanza kuwaka lini. Anga tupu sijaligusa. Kazi ya saa tatu, na mimi nilikuwa natafuta koti la kuazima nivae kesho.

Ijumaa, 7 Machi
Nikasimama mbele ya watu kumi na wanne. Nikatamka mia tisa. Kimya! Nikadhani ni heshima. Profesa akafungua picha ya anga tupu, mahali pasipo na nyota wala kisahani. Mwinuko uleule, palepale.
"Mwanangu," akasema kwa upole uliouma kuliko kofi, "umegundua hewa."
Wakacheka wote isipokuwa Bi Taratibu. Aliniangalia kwa huruma. Heri angecheka. Safari kapewa yeye. Nimejifungia chooni mpaka ukumbi ukawa mtupu.

Jumamosi, 8 Machi
Bi Taratibu kaja na kiti chake, kakaa nami asubuhi nzima tukiondoa hewa, hatua kwa hatua. Chini ya mwinuko wa hewa pakabaki kinundu kidogo, hafifu. Gesi halisi! Upepo mwembamba unaotoka kwenye kisahani, kilomita kumi na nane tu kwa sekunde. Akasema nyota ni yangu na jina langu litatangulia kwenye ripoti. Yeye ataipima upya kwa darubini kubwa ili pasiwe na shaka. Nikamshukuru kwa moyo wote.

Jumapili, 9 Machi
Kaniomba nimwandikie tarakimu za mahali nyota ilipo angani, kesho anaondoka. Nimezunguka chumbani tangu alfajiri. Nani anampa mpinzani ushindi bure? Anataka kuiiba! Nimemtumia, lakini tarakimu mbili nimezibadilisha.
Sasa nyota yangu iko salama. Hakuna atakayeipima.