Mashine Niliyoifundisha Mimi

Jumatatu, 3 Machi

Mashine imefika. Ndogo kuliko nilivyodhani, kama redio ya zamani, ila ina matundu pande zote na kioo mbele. Kazi yake ni kupima matita ya nyaya. Tita moja lina nyaya arobaini na nane, zimefungwa pamoja na kuchomekwa kwenye plagi, na likiingia kwenye trekta ndilo linalowasha taa, honi na kila kinachowaka. Mpaka leo tumepima kwa mita, waya mmoja mmoja. Unagusa huku, unagusa kule, ikilia piii unaendelea. Piii arobaini na nane kwa kila tita. Nazisikia hata nikiwa naosha vyombo.

Msimamizi katukusanya. Kasema atakayeiweka sawa mashine kabla ya Ijumaa, mkaguzi wa mteja anapokuja, ndiye atakayekaa nayo moja kwa moja. Zamu ya asubuhi tu. Na kiti. Kiti chenyewe kilikuwa pale, kina mgongo, bado kimevaa nailoni.

Nikanyosha mkono kabla hajamaliza.

Sababu zangu ninazo. Kuanzia mwezi ujao nimepangwa zamu ya jioni. Nitatoka nyumbani saa saba mchana, nitarudi Kijino kashalala. Ana miaka miwili, tulimwita Kijino kwa sababu kwa miezi minne alikuwa na jino moja tu na akatuuma nalo sote. Nitakuwa mama wa asubuhi, wa kumvika viatu na kumwambia kwaheri. Sitaki. Kile kiti nakitaka.

Wifi yangu naye kanyosha mkono. Ni dada wa mume wangu, ndiye aliyenitafutia kazi hapa, jambo ambalo hulikumbusha mara moja tu kwa siku. Ana miaka tisa kwenye meza za nyaya. Mimi mwaka na nusu. Msimamizi kauliza nani kasoma kompyuta. Nikasema mimi. Si uongo. Siku tatu. Siku ya tatu umeme ulikatika.

Nimepewa mimi. Wifi kanipa hongera kwa sauti ya mtu aliyefika msibani.

Jumanne, 4 Machi

Kitabu cha maelekezo kimeandikwa kwa lugha asiyoijua mtu yeyote kiwandani, ila picha ni nyingi. Nimekibeba nyumbani ndani ya mfuko wa nepi ili Wifi asikipitie. Huo si wizi. Ni kukitunza.

Nimegundua njia ni mbili. Ya kwanza, unatazama mchoro na kuandika waya mmoja mmoja: huu unatoka tundu hili, unaingia tundu lile. Mara arobaini na nane. Siku nzima, na macho yatoke. Ya pili, unachomeka tita moja zima, unabonyeza kitufe chenye picha ya kofia ya mahafali, mashine inajifunza yenyewe. Sekunde tano. Kuanzia hapo tita linalofanana na lile la kwanza ni kijani, lisilofanana ni jekundu.

Waliotengeneza mashine hii walinifikiria mimi.

Jioni Kijino kachana ukurasa wa kumi na nne. Nimeutafuta chini ya kitanda, ndani ya ndoo, mdomoni mwake. Hamna. Nilipomuuliza uko wapi, kanyooshea kidole dirisha, kisha baba yake, kisha mimi. Mume wangu ni fundi viatu, mtu wa maneno machache na misumari mingi. Kasema ukurasa mmoja kati ya sitini si kitu. Kwa mara ya kwanza mwaka huu tumekubaliana.

Jumatano, 5 Machi

Siku kubwa. Asubuhi nimechomeka kebo zote sita za mashine. Ili nisizichanganye nimezibandika stika za Kijino: bata, samaki, jua, bata mwingine, gari, bata wa tatu. Bata wamenisumbua kidogo.

Ikabaki kuchagua tita la kuifundishia. Wifi kaja na lake mkononi. Kasema, wifi, chukua hili, nimelipima kwa mita mara mbili, mchoro huu hapa. Sauti tamu. Nikajua. Leo nichukue tita lake, kesho aseme kiti nimekipata kwa mgongo wake. Nikamshukuru sana na kumwambia ninalo langu.

Langu nililifunga Jumamosi. Kijino alikuwa na homa ya meno, nilikuwa nimelala kwa saa mbili tu labda. Sikulipima, kwa sababu mita alikuwa nayo Wifi na sikutaka kumwomba. Nikalibandika stika ya SAWA kwa mkono wangu. Lakini mtu anaijua kazi yake.

Nimechomeka. Nimebonyeza kofia. Mashine imewaza sekunde tano, ikaimba, taa ya kijani. Nimekaribia kulia.

Kisha nikachomeka tita la Wifi. Jekundu.

Kioo kikaonyesha waya wa njano na wa kijivu zimepishana, kila mmoja umeingia tundu la mwenzake. Nimesoma kwa sauti, polepole, ili hata wa meza za mwisho wasikie. Wifi kasema haiwezekani. Nikamwambia pole, miaka tisa ni mingi, hata macho huchoka. Nimelitamani neno hilo tangu siku ya harusi yangu.

Likaja la pili. Jekundu. La tatu, jekundu. Matita sitini ya wafanyakazi kumi na wawili, yote mekundu, kosa lilelile, njano na kijivu. Kijani ni langu peke yake. Mtu mwingine angejiuliza maswali. Mimi niliona tu kwamba hatimaye kimepatikana chombo kinachojua nani anafanya kazi hapa.

Msimamizi kakuna kichwa. Wifi kamwambia tutazame mchoro. Msimamizi kasema mchoro umechorwa na mtu, na mtu ana upendeleo, ila mashine haina wifi wala shemeji. Kaamuru matita yote yarekebishwe, na akampa Wifi asimamie, kwa kuwa ana miaka tisa.

Nimekaa kitini. Nailoni sikuitoa. Inalia ukijigeuza.

Alhamisi, 6 Machi

Wamerekebisha kutwa. Kufungua mkanda, kuchomoa pini mbili, kuzibadilisha, kufunga tena: dakika kumi kila tita. Kila lililokwisha nimechomeka. Kijani. Kijani. Kijani. Nimeongeza kuinua kidole gumba.

Wifi hajanisemesha tangu asubuhi isipokuwa mara moja. Kaja na mchoro, kauweka mbele yangu, kaweka kidole chake palipoandikwa njano. Nikamwambia mchoro ni wa mwaka juzi na mashine ni ya juzi. Kaukunja, kaenda zake. Nimeona kachukua kitu mezani kwake, kakifunga kwenye khanga, kakiweka kabatini. Nimeandika hapa ili isije ikasemwa sioni.

Mume wangu karudi kazini na uso wa kikao. Dada yake kampitia dukani. Kasema yeye yuko katikati yetu na ameanza kupata shoti. Kisha, huku akitoa msumari kwenye soli, kauliza: na hilo tita la kwanza kabisa, la kufundishia, nani alilipima?

Nikamwambia chakula kinapoa.

Ijumaa, 7 Machi

Saa kumi na mbili asubuhi, namvika Kijino viatu. Kalia. Kavivua, kavivaa mwenyewe, cha kulia kushoto na cha kushoto kulia, kasimama kama bata aliyeridhika. Nikavibadilisha. Kalia tena, kwa haki kabisa, kama mtu anayeonewa. Nikamuuliza nani alikufundisha hivi.

Kaninyooshea mimi.

Na ni kweli. Wiki ile viatu vilipotoka kwa baba yake vikiwa vipya, nilimvika mimi, nusu usingizini, kinyume. Akaviona hivyo mara ya kwanza. Tangu hapo sahihi kwake ni kosa na kosa ndilo sahihi. Mtoto wa fundi viatu.

Nimekaa sakafuni na kiatu mkononi. Ndani kabisa, penye vidole, palikuwa na karatasi iliyoshindiliwa. Ukurasa wa kumi na nne. Picha: tita, mita pembeni yake, jicho kubwa, alama ya vema. Ndipo kofia ya mahafali. Yaani kwanza ulipime kwa mkono, uhakikishe ni zima, ndipo uifundishie mashine.

Nimemkumbatia hadi akanisukuma.

Kwa hiyo: tita langu ndilo bovu. Mashine imelisoma bovu ikaliita zima. Yale sitini yalikuwa mazima, na kwa siku mbili tumeyaharibu kwa uangalifu mkubwa. Mkaguzi anakuja saa nne.

Mpango. Niifundishe mashine upya kwa tita zima. Tatizo: hakuna tita zima lililobaki. Nimehakikisha mwenyewe, kwa kidole gumba. Isipokuwa lile la kwenye khanga.

Nimefika saa moja kamili, Wifi bado hajafika. Kabati lake halina kufuli, lina kamba. Nilikuwa kwenye fundo la pili niliposikia salamu nyuma yangu. Nikasema natafuta kitana. Katazama kilemba changu. Kafungua fundo mwenyewe, kanipa khanga nzima na mchoro juu yake, kasema, ungeniomba tu, mke wa kaka. Nilikutunzia wewe. Nilijua utakuja, sikujua utaanza na kamba.

Kaniambia twende kwa Msimamizi nikaseme sasa hivi. Nikamsihi tutengeneze kwanza, tuseme baadaye. Kasema kutengeneza atanisaidia, kunyamaza hatanisaidia, chaguo ni langu. Nikachagua kutengeneza.

Tumeifundisha mashine upya kwa tita lake, tukafunga milango ya stoo, tukayarekebisha mengine mikono miwili-miwili. Hakusema neno baya. Hilo liliniuma zaidi. Saa nne kasoro tulikuwa na matita ishirini na moja mazima. Nikayapanga juu, mabovu chini. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: mkaguzi ni mtu mnene, hatainama.

Kainama. Kachomoa tita la chini kabisa, kama anayechagua nyanya. Kalichomeka kwenye ubao wake wa majaribio wenye taa na swichi za trekta. Taa kubwa, ikawaka. Breki, ikawaka. Kabonyeza honi. Kimya, ila taa ya kukata kushoto ikawaka vizuri. Kawasha taa ya kukata kushoto. Pi. Pi. Pi. Pi. Honi, kwa mpigo, bila haraka. Kakunja uso, kaiacha iendelee. Pi. Pi. Kauliza mkulima akikata kona shambani amshtue nani.

Msimamizi kanitazama. Nikasema huenda mashine imepata joto. Kageuza tita, kakuta kikaratasi cha marekebisho chenye saini ya Wifi. Kamgeukia yeye. Kamuuliza mbele ya mgeni ni nini hiki, miaka tisa yote, au ndio umechoka kazi.

Wifi kaangalia viatu vyake.

Hapo nikashindwa. Nikasema ni mimi. Nikasema tita la kwanza lilikuwa langu, halikupimwa, stika nilibandika mwenyewe, yeye aliniletea lake nikalikataa, akaniletea mchoro nikamfukuza. Nikataja na kamba ya kabati, ambayo hakuna aliyeniuliza.

Mkaguzi kacheka mpaka kashika meza. Kasema kiwanda kingine kilifundisha mashine kwa tita lisilo na plagi. Katupatia muda hadi Jumatatu.

Msimamizi hakucheka. Kasema kiti ni cha Wifi, na mimi zamu ya jioni kama ilivyopangwa, tena kuanzia wiki ijayo. Nimeitikia ndiyo. Nilimwona akilini Kijino amelala na viatu vyake kinyume na mimi sipo.

Wifi kakaa kitini. Kaitoa nailoni, kaikunja vizuri, kaiweka mfukoni. Ndipo kasema anahitaji mtu wa kumchomekea matita yeye akisoma kioo, awe wa asubuhi, wa kusimama. Kasema anamtaka huyu. Msimamizi kauliza kwa nini huyu. Kasema, huyu ana mtoto. Halafu mkimwacha jioni peke yake atazifundisha makosa hata taa za ukutani.

Msimamizi kasema haya.

Nimemchukua Kijino saa kumi. Bado ni mchana kabisa, jua liko juu, na mimi nimeshika mkono wa mwanangu njiani. Nimemnunulia Wifi kufuli.

Jumatatu, 10 Machi

Matita sitini yote mazima, yamepimwa kwa mita, kisha kwa mashine. Mkaguzi katia saini. Miguu inawaka moto. Wifi ananiambia chomeka bata, chomoa samaki. Stika zangu kaziacha, kasema zinasaidia.

Kijino kavaa viatu sawa leo. Ilichukua siku tatu na machozi, ila kajifunza. Ana akili. Kafanana na mama yake.

Saa nane limeshushwa sanduku jingine. Mashine ya kukata nyaya, yenyewe kwa yenyewe, kwa urefu unaoutaka. Ina kiti chake, kina mgongo na pia magurudumu. Msimamizi kauliza, bila kutazama upande wangu, kama kuna anayezifahamu mashine za aina hii.

Wifi kanishika kiwiko. Niliona ni kunitia moyo, nikanyosha ule mkono mwingine. Nikasema nimewahi kuzisoma. Nitakuwa nimezisoma kufikia kesho, kwani kitabu chake ninacho hapa, kilitoka na mimi ndani ya mfuko wa nepi kabla Wifi hajakiona.

Kijino ameshachana ukurasa wa kwanza. Nimeutazama haraka. Mshale mwekundu na mkono uliokatwa vidole viwili. Mapambo tu. Nimemwachia achezee.