Wizi wa Kabichi Sita, Nyumba Namba 704

Kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Wakazi,
Jengo la Sita, Suncheon.

Ndugu Mwenyekiti Tak,

Pole na shughuli za jengo. Mimi ni Pyo Jung-sik wa 704, mstaafu mtulivu, yule aliyekuandikia kuhusu lifti. Leo jambo ni zito zaidi. Tumeibiwa kimchi, kabichi yetu ya kuchachushwa kwa chumvi na pilipili.

Miaka mitatu iliyopita mke wangu, Mi-ran, aliitengeneza pamoja na mama yake. Ilikuwa mara ya mwisho kwa mama mkwe, maana tangu hapo mikono yake inatetemeka. Kabichi sita za siku ile tuliziweka chini kabisa kwenye friji ya kimchi, zisiguswe mpaka atimize miaka themanini. Anatimiza Jumamosi hii. Jana Mi-ran alifungua chombo akakuta mchuzi mwekundu na kipande kimoja cha figili. Alilia, Ndugu Mwenyekiti. Roho iliniuma, ndipo nikashika kalamu.

Ushahidi wangu ni huu:

1. Mwizi hakuvunja mlango, na mbwa wetu hakubweka. Inaelekea mbwa anampenda.

2. Alikula kabichi moja kila Alhamisi, Mi-ran akiwa kwenye mazoezi ya kwaya. Ya kwanza aliichemsha na jodari wa kopo, kosa la mtu asiye na uzoefu. Ya pili aliipika na nyama ya nguruwe yenye mafuta, juu akaweka tofu, ile jibini ya soya, na hapo lazima tumpongeze. Ya nne kutoka chini hakuipika kabisa. Aliichana kwa mkono akailaza juu ya wali wa moto, akafumba macho. Usiniulize nimejuaje. Nimefanya uchunguzi.

3. Bibi Hyeon wa 703 aliniambia kwenye lifti, "Mzee Pyo, kwenu Alhamisi kunanukia jamani! Mimi nakula wali mtupu kwa harufu hiyo na nashiba!" Mtu asiye na hatia anaijuaje harufu ya kwetu?

5. Namba nne nimeifuta, ilianza kunielekea vibaya.

Kwa hiyo naomba utangaze kwenye vipaza sauti vya nyumba zote, saa ya chakula cha jioni, mwizi ajitokeze. Akikaidi, wakazi wote wapange mstari kwenye maegesho wanuswe vinywa. Nipo tayari kuwa mnusaji. Tusipompata, msako uhamie Jengo la Tano, ambalo sijawahi kuliamini.

Nisalimie mkeo, mlinzi wa getini na wanakamati wote. Bibi Hyeon msalimie kwa tahadhari.

Ni mimi mkazi wako mwenye uchungu,
Pyo Jung-sik

Tanbihi: Mama mkwe amepiga simu sasa hivi. Mi-ran alikuwa ameshamsimulia yote, naye akataka kuongea na mimi. "Mkwe wangu, hebu sema kweli, ipi ilikuwa tamu zaidi?"

Nikajibu kabla sijafikiri, "Ya nne kutoka chini, mama."

Akacheka mpaka akakohoa. "Zile nyingine zote alizijaza viungo Mi-ran. Hiyo moja tu niliijaza mimi."

Mi-ran amesimama mlangoni ananitazama, analia na kucheka kwa pamoja. Tafadhali, Ndugu Mwenyekiti, usitangaze habari za mwizi. Tangaza tu kwamba 704 tunaomba kuazima beseni kubwa kuliko yote, kwa ajili ya kabichi arobaini, siku ya Ijumaa. Mama mkwe atakaa kwenye kiti atoe maelekezo, mikono itakuwa yangu. Funguo za friji ziko kwa Mi-ran.