Ndoo Nyepesi, Kochi Zito

Jumatatu, 3 Machi

Wako watu wanaoitafuta bahati. Mimi bahati ndiyo inayonitafuta, mpaka kwenye foleni ya bafu. Leo asubuhi nilikuwa pale uani, taulo begani, sabuni mkononi, akaja Mama Mwenye Nyumba na tangazo. Gari la taka sasa litapita mara moja tu kwa wiki. Jalala limefurika, paka wanalipanda kama ngazi. Kwa hiyo kila mlango utapewa ndoo yenye mfuniko na namba, zote zikae uani kwa mlinzi. Jumamosi mlinzi atazipima zote kwenye mizani. Mlango wenye taka chache utapewa chumba cha mbele, kile cha chini chenye mlango wa barabarani, ukitumie mwaka mzima.

Akaanza kueleza masharti. Mimi huyo, juu. Mtu aliyeshinda atasikiliza masharti ya nini?

Niandike hapa kwa nini nakitaka chumba kile, maana nikifa watu wasome. Mimi ni fundi makochi. Karakana yangu ni chumba chetu cha kulala. Kitanda kiko katikati, makochi ya watu yamekizunguka kama ndugu waliokuja kumwona mgonjwa. Leo alfajiri mke wangu alikanyaga ile sindano ndefu ya kushonea. Hakupiga kelele, na hapo ndipo nilipoogopa. Alikaa kitako, akaichomoa kwenye kisigino, akasema kwa upole kabisa kwamba Jumapili ikifika na makochi yamo humu, yeye hatakuwamo.

Sasa nikampelekea habari njema: chumba kimepatikana. Akauliza kimepatikana vipi. Nikamwambia ni mambo ya mazingira, yana kina kirefu.

Mchana Mama akaniletea kochi lake lililobonyea katikati. Analitaka Jumamosi hiyohiyo. Unaona? Jaji mwenyewe ni mteja wangu. Nisishinde kwa nini?

Jumanne, 4 Machi

Tatizo dogo. Kazi yangu inazaa taka. Kufika saa sita nilikuwa na gunia zima: sponji iliyooza, vitambaa vilivyokatika, karatasi za nailoni, vigurudumu vya nyuzi. Gunia hilo haliingii kwenye ndoo hata likikanyagwa na tembo.

Mke wangu naye ameanza vituko vyake. Ametoka sokoni na kikapu, mifuko ya nailoni amewarudishia wenyewe. Maji aliyofulia amedekia sakafu, yaliyobaki kamwagia choo. Maganda ya viazi amewapelekea sungura wa mlinzi. Sufuria anaifunika, eti moto usipotee bure. Nikacheka. Nikamwambia dunia haiokolewi kwa mfuniko wa sufuria, inahitaji mtu mwenye mpango. Akasema sawa, mwenye mpango asogeze mguu, yeye apate kudeki.

Mpango ulinijia nikiwa nimeinua mguu. Kochi la Mama ni tupu ndani. Gunia langu limejaa. Sasa wewe ukiwa na tumbo tupu na chakula kimekaa pembeni, unangoja nini?

Ughaibuni, nimesikia, hii ina jina na watu wanaisomea. Mimi niliacha shule mapema, ndiyo maana akili yangu bado ina nafasi.

Jumatano, 5 Machi

Gunia lote limo ndani ya kochi. Juu yake tabaka la sponji nzuri, juu yake kitambaa. Nikalikalia kulijaribu. Likalia kama mtu anayekaanga kitu. Nikaongeza sponji. Sasa linalia kidogo tu, kama linanong'ona. Nitamwambia Mama ni sauti ya upya.

Mpinzani wangu nimeshamjua. Ni Nesi, yule bibi mstaafu wa ghorofa ya tatu. Anaishi peke yake. Chai kikombe kimoja, mkate kipande kimoja, yai moja. Mtu kama huyo atatoa taka gani? Nilimlalamikia mlinzi kwamba mashindano si ya haki, yeye ni kinywa kimoja na sisi ni vinywa viwili. Mlinzi akasema vinywa vitatu, maana changu kinahesabiwa mara mbili.

Nikanunua mahindi ya kuchoma sita, nikayala yote uani. Mlinzi aliposinzia mchana kwenye kiti chake, nikayafunga magunzi kwenye gazeti, nikayatia kwenye ndoo ya Nesi, chini kabisa.

Nikapanda ngazi nikiimba.

Alhamisi, 6 Machi

Mama alisema Jumatatu kwamba ataangalia na nia ya mtu. Hilo nalikumbuka kwa sababu lilinihusu. Basi leo nikaonyesha nia. Nikatoa balbu ya kwenye ngazi, inayowaka mchana kutwa, nikaiweka mfukoni. Umeme umeokolewa. Ngazi zetu hazina dirisha, lakini kila mtu ana mikono ya kupapasia.

Nusu saa baadaye nikasikia kishindo na vitunguu vikibingirika. Nikatoka mbio. Nesi amekaa kwenye kidato cha ngazi, kikapu kimepinduka, anapapasa giza akitafuta kiatu. Hakuumia. Alisema tu ni magoti yake, yanamsaliti hata kwenye mwanga. Nikambeba mgongoni ghorofa tatu. Mwepesi kama mto usio na kitu ndani. Njiani ananiambia sikioni, mwanangu, mimi kwa siku napanda ngazi hizi mara moja tu, nikisahau kibiriti nalala bila chai. Akasema anamwomba Mungu apate kile chumba cha mbele, awe anatoka nje na kuona watu. Halafu akanisifu. Akasema watu kama mimi wamebaki wachache.

Hapo nikaona mahindi yote sita yananipanda kooni.

Si kwamba nimeacha mashindano. Hapana. Lakini mtu ashinde kiume. Nikarudisha balbu. Nikashuka uani kuyatoa magunzi yangu kwenye ndoo yake. Nimezamisha mkono, nimeshika gazeti, mlinzi akakohoa nyuma ya ukuta. Nikakomba kila kilichokuwa mbele ya mkono, nikakitia ndani ya shati, nikapanda. Kufika chumbani nasikia mke wangu anakuja. Nikavisukuma vyote kwenye mkono wa kochi la Mama, nikashona haraka.

Nitafumua kesho. Mshono lakini umetoka mzuri ajabu. Sijawahi kushona mshono kama huo.

Ijumaa, 7 Machi

Sikufumua. Nilishika mkasi, nikautazama ule mshono, moyo ukagoma.

Saa nne mke wangu akauliza kwa nini sisimizi wanapita mlangoni kwa mstari, wote wanaelekea kwenye kochi la Mama. Nikasema sisimizi wanapenda kitambaa kipya. Akauliza na harufu je. Nikasema gundi. Akanikumbusha kwamba kesho kutwa ni Jumapili, na begi lake liko tayari chini ya kitanda.

Alipotoka nikawapulizia sisimizi manukato yake, yale ya sherehe. Wakaongezeka.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika nikiwa nimekaa sakafuni. Makochi sitaki kuyaona.

Mama alitaka matokeo yatangazwe kwa heshima, na heshima yake ni kukaa. Akaagiza kochi lake jipya lishushwe uani. Wapangaji wanne walilibeba huku wakiuliza kochi hili limekula nini. Watu wote wakajipanga. Nesi alishushwa, akawekewa kigoda. Mke wangu alisimama karibu nami, amevaa nguo nzuri. Nilimnong'oneza aanze kufikiria tutatundika wapi pazia.

Mlinzi akatundika ndoo moja baada ya nyingine kwenye mizani. Uso wake ulikuwa kama wa hakimu. Akafika ya Nesi: nyepesi. Akafika yetu. Akaitazama mizani, akaigonga, akaitazama tena. Akasema ya Fundi ndiyo nyepesi kuliko zote. Mke wangu akanishika mkono. Sina kumbukumbu ya mara ya mwisho alipofanya hivyo mbele za watu.

Mama akasema kabla hajatangaza angependa kukaa. Akakaa.

Kochi likanong'ona. Akajisogeza. Likanong'ona zaidi. Akauliza ni nini hicho, nikasema ni sauti ya upya. Akaegemea ule mkono wenye mshono mzuri, na mshono mzuri ukapasuka wote kwa pamoja. Likatoka gunzi. Likatoka la pili. Yakatoka majani ya chai, maganda ya mayai, sisimizi kama watu wanaotoka uwanjani. Mwishowe ikatoka soksi ya buluu yenye kiraka. Nesi akainama kwenye kigoda chake akaitazama, akauliza kwa mshangao wa kweli kama hiyo si soksi yake aliyoitupa juzi.

Sungura peke yao ndio walioendelea na kazi yao, wakitafuna.

Ningeweza kukimbia. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Lakini nikawaona watu wanamtazama yule bibi kana kwamba tumekula njama naye, nikasema hapana, Nesi hajui lolote, taka zake nilizichukua mimi. Nikaeleza yote: magunzi, balbu, gazeti, gunia. Mlinzi akarudisha soksi na maganda kwenye ndoo ya Nesi, akaipima upya. Bado ikazishinda kwa wepesi zote zilizobaki.

Mama akafunga matundu ya pua kwa kitambaa, akaniuliza gunia la sponji na nailoni nililiingiza humo kwa nini. Nikasema ili lisipimwe. Akaniambia Jumatatu pale kwenye foleni alisema wazi, na watu wote walisikia: taka za kazi hazihesabiwi. Ndoo ni za jikoni tu.

Taka zetu za jikoni. Zile ambazo mke wangu alizipunguza wiki nzima kwa kikapu, kwa sungura na kwa mfuniko wa sufuria. Tulikuwa tumeshinda tangu mwanzo. Ilitakiwa mimi nikae tu.

Mke wangu akauachia mkono wangu, kidole kimoja kimoja.

Jumapili, 9 Machi

Nesi amepewa chumba. Nimemshushia kitanda, kabati na jiko, mara kumi na nne juu na chini. Nimemshonea na mto wa magoti, sponji mpya tupu, hakuna kinachonong'ona. Akaniombea dua ndefu.

Niliporudi juu, begi halikuwa chini ya kitanda. Nesi alimwambia mke wangu kwamba chumba kile ni kikubwa mno kwa mtu mmoja na magoti yake yanahitaji mwenzake. Mke wangu alichukua mto wake, sufuria moja na mfuniko. Nikashuka kumuuliza atarudi lini. Akasema siku akitembea humu ndani kutoka mlangoni mpaka dirishani bila kugusa kochi.

Nimejaribu. Hata mimi siwezi, lazima nipite juu ya mawili.

Alasiri akaniletea sahani ya chakula, akaiacha kizingitini. Alisema niirudishe imeoshwa, na nisimwage maji hovyo.

Nimewaambia wapangaji kwamba chumba nilimwachia Nesi kwa hiari yangu. Wawili wameamini. Mmoja wao ni mgeni.

Jumatatu, 10 Machi

Adhabu ya Mama: nilishone upya kochi lake kwa sponji safi, na nifagie uani kila asubuhi mwezi mzima.

Nimefagia leo. Majani makavu yamejaa magunia mawili. Nimeyatazama sana yale magunia. Majani makavu hayanuki. Sisimizi hawayataki. Hayana nailoni, ni mazingira matupu. Nikilijaza kochi la Mama kwa majani, nikayabana sawasawa, nani atajua? Akilipenda nitashona kumi ya namna hiyo, niyauze yote kwa mpigo, chumba kibaki kitupu, mke wangu apande ngazi mwenyewe. Gunia la kwanza limeshaingia. Linalia kidogo ukilikalia, lakini hilo ni suala la sponji ya juu.

Mke wangu amepaza sauti kutoka chini, anauliza mbona majani yote ya uani yameishia kwenye ngazi zetu. Nimemjibu ni upepo.

Na ile bahati niliyojisifia ukurasa wa kwanza, ni uongo. Sina, na sijawahi kuwa nayo; ndoo yetu ilikuwa nyepesi kwa mikono ya mke wangu.