Malalamiko Dhidi ya Kikombe Kimoja cha Unga

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako na kwa wenzako wote mnaojipatia riziki kwa kuandika mambo msiyoyapima.

Mimi ni mkaguzi mstaafu wa mizani na vipimo. Kwa miaka thelathini na mmoja nimeingia madukani na mawe yangu ya mizani ndani ya sanduku la mbao, na wauza sukari waliponiona mlangoni walianza kutokwa jasho kabla hata sijawasalimu. Sijawahi kuandika barua gazetini, kwa kuwa nilikuwa naamini mtu mwenye kazi hana muda wa mambo hayo. Sasa kazi sina, na gazeti lako limenipa sababu.

Sababu yenyewe ni keki. Usicheke kwanza.

Miaka ishirini na miwili iliyopita, katika ukurasa wako uitwao Jikoni Kwetu, mwandishi wako anayejiita Mama Utamu alichapisha maelekezo ya kuoka nyumbani keki ya bataskochi ya matabaka matatu: keki ya sukari ya kahawia, iliyopakwa katikati na juu sosi nzito ya siagi, krimu na sukari iliyochemshwa. Marehemu mke wangu alikikata kipande hicho cha gazeti kwa mkasi, akakibandika ndani ya mlango wa kabati, na kila mwaka, siku ya kuzaliwa ya binti yetu wa pekee, aliioka keki hiyo. Mimi kazi yangu ilikuwa kula na kusifu.

Jumamosi hii binti yangu anatimiza miaka ishirini na mitano. Ametuma ujumbe kwamba atapita nyumbani saa nne asubuhi akiwa safarini. Ni ujumbe wake wa kwanza kwangu kwa miaka miwili, na ulikuwa mfupi: “Baba, nitapita Jumamosi. Usihangaike.” Leo ni Alhamisi. Nimehangaika tangu Jumatatu. Nimefuata maelekezo yenu neno kwa neno, nimeoka keki nne, na zote nne ni aibu tupu. Nyumbani kwangu hakuna tena mtu mwingine wa kulaumiwa, hivyo nakulaumu wewe, kwa mpangilio ufuatao.

1. Kikombe. Mama Utamu anaagiza “vikombe vitatu vya unga.” Kikombe kipi, Ndugu Mhariri? Cha chai? Cha kahawa? Cha kunywea dawa? Nimekagua vikombe vya kila aina katika nchi hii na naapa hakuna viwili vilivyozaliwa na mama mmoja. Hata katika nyumba yangu mwenyewe sikuwa na upendeleo. Binti yetu alipokuwa na miaka minne nilimkuta mke wangu akichota unga kwa kikombe cha bati cheupe kilichobanduka mdomoni, alichopewa na mama yake. Nilikipima palepale kwa maji. Kilikuwa pungufu kwa vijiko vitatu vya chakula! Nilichukua rangi nyekundu ya kazini, nikakichora alama ya mkasi ubavuni, kama sheria inavyotaka kwa kipimo cha uongo, nikaamuru kisilale ndani ya nyumba yangu. Mke wangu alijibu, “Sawa, Mkaguzi.” Sikukiona tena. Badala yake nilimpa zawadi ya mwaka wa kumi wa ndoa: kikombe cha chuma kisichoshika kutu, chenye muhuri wa serikali kitakoni. Alikitunza ajabu. Alifariki baada ya miaka kumi na tisa na kikombe hicho kingali kinang’aa kama kimetoka dukani jana, hakina hata mkwaruzo mmoja. Hicho ndicho nilichotumia wiki hii. Kwa hiyo kosa haliko kwenye kikombe changu.

Keki ya kwanza ilitoka ngumu. Jirani yangu, fundi cherehani, mtu mpole asiyependa kumkwaza mtu, alikubali kuionja. Kisu kiligoma. Alikwenda kuchukua mkasi wake wa kukatia suti. Alitafuna kwa muda mrefu akiangalia dirishani, kisha akaniuliza kama marehemu aliniachia ushauri wowote.

2. “Chumvi kiasi.” Sina la kusema juu ya neno hili. Nilipokuwa kazini, mfanyabiashara aliyeniambia “kiasi” alifungiwa duka.

3. Dhahabu. Kuhusu sosi, mwandishi wako anasema sukari na siagi vichemshwe “mpaka vipate rangi ya dhahabu iliyokolea.” Mimi si sonara. Dhahabu pekee ninayoimiliki ni pete yangu ya ndoa, na kwa kuwa nilitaka kutenda haki, niliivua nikaisimamisha ukingoni mwa sufuria ili nilinganishe. Nililinganisha kwa makini. Ndani ya dakika hiyo moja ya makini sukari ilitoka kwenye dhahabu ikaingia kwenye kahawia, ikatoka kwenye kahawia ikawa lami, na jiko zima likajaa moshi. Fundi cherehani alikuja mbio na ndoo. Nilimwambia hakuna moto, kuna maelekezo. Sufuria nimeiloweka siku mbili na bado haijasamehe.

4. “Matabaka matatu yaliyo sawasawa.” Hapa ndipo hasa mmenigusa, maana neno sawasawa ndilo lililonilisha. Nilitumia rula na pimamaji ya fundi ujenzi. Tabaka la kwanza lilikuwa na sentimita nne, la pili tatu, la tatu mbili upande mmoja na tatu na nusu upande wa pili. Niliyapanga, nikapaka sosi, nikarudi nyuma hatua mbili kuangalia, na tabaka la juu likaanza kuondoka taratibu, bila haraka, kama mtumishi anayetoroka kazini kabla ya saa. Likaishia sakafuni.

Wala usidhani sijui kugawa. Mke wangu alipofariki, ndugu walipokwisha kutawanyika, nguo zake zilitakiwa zigawanywe kati ya binti yangu na mama yake mdogo. Nilitaka pasiwe na manung’uniko. Nilileta mizani. Nilipima mafungu mawili mpaka yakalingana kwa gramu, hata nikatoa soksi moja upande huu nikaiweka upande ule. Binti yangu alisimama mlangoni akaniangalia, akasema, “Baba, mama hakuwa mzigo wa sokoni.” Hakuchukua fungu lake. Aliingia jikoni, akatoka na kitu kimoja tu kilichofungwa ndani ya kitambaa cha kufutia vyombo, kwa jicho la kazi nilikikisia kama robo kilo hivi, akaondoka. Fungu lake lipo mpaka leo juu ya kabati. Nalisema hili ili ujue kwamba mimi ni mtu wa haki, na kwamba haki haikunisaidia kitu.

5. “Acha ipoe.” Kwa dakika ngapi? Mpaka nyuzi ngapi za joto? Mbele ya dirisha lililofunguliwa au lililofungwa? Sosi ya keki ya tatu niliipaka ikiwa ya moto, ikateremka yote kwenye sahani. Sosi ya keki ya nne niliiacha ipoe, ikapoa kwelikweli, ikawa jiwe ambalo ningeweza kulisajili kazini.

6. Sentensi ya mwisho. Baada ya kumaliza unga wa watu na sukari ya watu, Mama Utamu anahitimisha: “Mkatie umpendaye kipande kikubwa, naye atajua.” Atajua nini, Ndugu Mhariri? Nimeisoma sentensi hii mara nyingi kuliko sentensi yoyote ya sheria ya vipimo. Kipande kikubwa ni gramu ngapi? Na mtu akishakula, ajue kitu gani ambacho baba yake ameshindwa kukisema kwa miaka miwili akiwa na simu mkononi? Huu ni udanganyifu wa wazi. Mnawaahidi watu kwamba unga na siagi vitafanya kazi ambayo midomo yao imeishindwa. Muuza dawa anayetoa ahadi ya aina hii hufikishwa mahakamani.

Kwa hiyo nadai mambo yafuatayo, na siombi, nadai.

Kwanza, ukurasa wa Jikoni Kwetu ufungwe mpaka utakapokaguliwa. Pili, Mama Utamu akabidhi kikombe chake kwa mamlaka husika kikapimwe hadharani, mbele ya mashahidi. Picha yake pia ichunguzwe, maana ni ileile ya miaka ishirini na miwili iliyopita na haijazeeka hata siku moja, na mtu anayedanganya kwenye picha hatashindwa kudanganya kwenye unga. Tatu, maelekezo yote ya mapishi yaliyowahi kuchapishwa yarudishwe kutoka kwenye makabati ya wananchi, yakiwa na au bila madoa ya mafuta. Nne, wote waliokula keki hii na kuisifu waandike maelezo ya kujieleza. Mimi mwenyewe niliisifu mara kumi na tisa tangu nilipoleta kikombe halali, lakini nasamehewa, kwa sababu keki niliyokula ilipikwa kwa kipimo sahihi chini ya usimamizi wangu.

Msidhani ninatia chumvi. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba chenyewe kikiwa cha uongo, hizo haba zote zimepotea bure. Leo ni kikombe, kesho ni debe, keshokutwa nchi nzima inaishi kwa “kiasi” na hakuna anayejua anamdai nani samahani ngapi.

Natarajia jibu lako ndani ya siku kumi, ukizihesabu kwa kalenda.

Wasalimie wahariri wadogo, wachapaji, mchora katuni, na yule mama wa mapokezi aliyenikatia simu mara tatu Jumanne. Msalimie kwa namna ya pekee anayeshughulikia matangazo ya vifo, kwani ndiye mtu pekee gazetini kwako ambaye tarehe zake nimezikuta sahihi.

Ni mimi, katika kupima kwa haki,

Mkaguzi Mstaafu

N.B. Leo ni Jumapili. Barua hii haikupelekwa posta kwa sababu bahasha niliifunga kwa mkono wenye sosi na ikagandana na meza. Nimeibandua ili niongeze maneno machache.

Binti yangu alifika jana saa nne na dakika sita. Alisimama jikoni akaiangalia keki ya tano. Ya tano sikuitaja kwa sababu niliioka Ijumaa, na kwa sababu haistahili kutajwa. Aliigonga kwa kidole, ikalia ko! Nilianza kumweleza habari za gazeti lako, namba moja mpaka sita. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini sakafuni, mgongo kwenye mlango wa oveni, kama alivyokuwa akikaa akiwa mtoto. Kisha akafungua mkoba wake wa safari, akatoa kitambaa cha kufutia vyombo, na ndani ya kitambaa mlikuwa na kikombe cha bati cheupe kilichobanduka mdomoni, chenye alama nyekundu ubavuni.

“Mama alikuwa anakificha kwenye pipa la unga,” alisema. “Chini kabisa. Alisema mkaguzi hachunguzi kwake.”

Mimi, Ndugu Mhariri, niliyetumbukiza mkono mpaka kiwiko kwenye magunia ya watu kwa miaka thelathini na mmoja! Na kile kikombe changu cha muhuri, binti anasema, mama yake alikitumia mara moja tu, kumwagilia ua, likafa.

Tulioka pamoja, kwa kikombe kile pungufu. Ni jambo jepesi ukilifikiria, na mimi sikulifikiria: mayai hayapimwi kwa kikombe, wala siagi ya pakiti. Unga ukipungua vijiko vitatu kila kikombe, keki inapata nafasi ya kupumua. Nashuku Mama Utamu naye anacho kama hicho. Asikitoe kwa mtu yeyote.

Sosi ilipokuwa tayari (binti aliitazama tu, hakutumia pete), nilimuuliza iachwe ipoe kwa dakika ngapi. Akasema, “Mpaka tumalize kuongea, baba.” Gari lake lilikuwa la saa saba. Saa saba sosi ilikuwa bado haijapoa. Ilichukua saa mbili na dakika kumi, na sehemu kubwa ya muda huo mimi ndiye niliyekuwa nikiongea, jambo ambalo sikulizoea. Nililia pia, dakika sikuhesabu. Matabaka yalikaa upande kidogo na hakuna lililotoroka. Fundi cherehani alikula vipande vitatu bila kuangalia dirishani.

Nilimkatia binti yangu kipande kikubwa. Sikukipima.

Kwa hiyo nakuomba uyafute madai yangu yote na uchape tena maelekezo yale, neno kwa neno, pamoja na “kiasi” na “dhahabu” na ile sentensi ya mwisho, kwa kuwa kile kipande cha gazeti cha kabatini binti ameondoka nacho, yeye na fungu lake la nguo. Kikombe ameniachia. Amesema atakifuata mwezi ujao.

Nilitaka kuifuta ile alama nyekundu, akanikataza. Kwa hiyo ninacho hapa nyumbani kipimo cha uongo kilichopigwa marufuku, kipo kwenye pipa la unga, chini kabisa, kinyume cha sheria niliyoitumikia maisha yangu yote. Kama kuna mkaguzi anayesoma gazeti lako, namwomba asije.